Uzoefu wangu na maktaba ya shule: vitabu vipo, ila vya kutazama kupitia kioo

Naandika nikiwa na hasira, niseme mapema. Shule siitaji, kwa sababu mwanangu bado anasoma pale na sitaki aje kuulizwa. Ni sekondari ya kata huku kwetu Dodoma, njia ya Morogoro.

Maktaba ilipofunguliwa tulifurahi sana. Kwenye kikao cha wazazi tuliambiwa kwamba alasiri, vipindi vikiisha, mlango utakuwa wazi hata kwa sisi majirani. Mtu aje asome gazeti, achukue kitabu, mtoto wa msingi aje na dada yake. Kwa mtaa ambao ukitaka maktaba lazima upande daladala hadi Maktaba ya Mkoa mjini, hilo lilikuwa jambo kubwa. Mimi nauza nyanya Sabasaba, nilisoma hadi kidato cha nne, na riwaya ndiyo starehe yangu. Mchango wa rafu nilitoa bila kusukumwa.

Na mazuri yapo, siwezi kuyaficha. Wale wanafunzi wa kamati ya maktaba Mungu awabariki. Binti mmoja wa kidato cha pili alinitembeza rafu kwa rafu akinieleza namba zilizobandikwa kwenye migongo ya vitabu: 500 ni sayansi, 800 fasihi, 900 historia na jiografia, na riwaya zetu za Kiswahili zimo 896 pamoja na fasihi nyingine za Afrika. Anazisema kwa kujiamini kama muuza duka anayejua kila kitu kilipo. Kila siku wanapita na kitambaa kibichi kupangusa, maana vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi mnalijua, ukifunga dirisha linapita chini ya mlango. Kuna mkeka pale kona, watoto wa msingi wanakaa, mkubwa mmoja anawasomea hadithi kwa sauti. Nimekaa nikawasikiliza na moyo wangu ulijaa.

Sasa kabati.

Ukiingia, mkono wa kushoto, kuna kabati la vioo lenye kufuli, na humo ndimo walimofungia vitabu teule vya fasihi, vile ambavyo kidato cha tatu na cha nne wanatakiwa kuvisoma. Niliinama nikaona nakala za riwaya ya Takadini zimepangwa safu nzima, nyingine bado zimo ndani ya nailoni. Kitabu hicho kimekaa kwenye orodha ya Baraza la Mitihani miaka na miaka. Swali la riwaya linamtaka mtoto atoe hoja kutoka riwaya mbili, si moja, na mwanangu hajawahi kushika hata hiyo moja. Anachoshika ni uchambuzi, zile karatasi za kutoa kopi steshenari, wino umefifia, mistari ya mwisho imekatika. Anakariri humo. Ukimuuliza anakuambia bila kupumua kwamba Sekai ni mama mwenye mapenzi ya dhati kwa mwanawe, hoja ya kwanza. Lakini hakujua kwamba Sekai alitoroka na kichanga chake kwa sababu amezaliwa na ualbino na mila zilitaka auawe. Nilipomsimulia jikoni aliacha kuchambua mchicha. "Kumbe ndivyo ilivyo, mama?" Mtoto wa kidato cha tatu anaijua hoja, kisa hakijui!

Basi nikaenda naye tumwombe mwalimu mwenye ufunguo. Ilikuwa katikati ya wiki, sikumbuki siku gani. Tulisubiri hadi jua likapungua makali. Alipokuja nilimsalimu kwa heshima, nikamwambia, "Mwalimu, naomba huyu aazime Takadini. Nitasaini mimi mwenyewe, kikipotea nalipa." Hata kukaa hakukaa. Akasema vya kabatini haviazimwi, wathibiti ubora wa shule wakija kukagua lazima wavikute vimetimia. Nikamwambia basi asome hapahapa mezani, mbele ya macho yenu. Akasema watoto wanachafua. Kisha akanitazama kanga, akanitazama ndala, akasema mbele ya mwanangu na mbele ya wale wa kamati, "Kwani na wewe mama unasomaga?"

Nilinyamaza kwa ajili ya mtoto.

Akaongeza kwamba kama tuna haraka tukatafute kwenye simu, TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, wana Maktaba Mtandao. Naijua. Vitabu vya kiada vimo humo, na ni jambo jema kabisa. Lakini shuleni kwao mwanafunzi haruhusiwi simu, na nyumbani simu ni moja, yangu, nashinda nayo sokoni. Halafu kitabu kiko pale! Hatua mbili kutoka alipokaa mtoto! Ninunue bando la nini?

Nimejaribu kumtetea mwalimu yule. Si mkutubi. Ana somo lake, ana madaftari ya kusahihisha, na maktaba kabebeshwa juu ya hayo yote. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamejaa madarasani, na kitabu kikipotea anayeulizwa ni yeye. Bagamoyo kuna chuo kizima chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba kinachofundisha ukutubi, lakini shuleni kwetu hajaletwa hata mmoja wa kutoka huko. Hayo nayaelewa. Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia msikanyage pale, ila nikiwakumbuka wale watoto wa kamati nasema hapana, nendeni.

Lakini nikilikumbuka lile swali lake roho inanichafuka upya. Maana rejesta ya kuazima ilikuwa wazi mezani na nilikuwa nimeipitia tukimsubiri. Vitabu vya hadithi vinavyoazimwa na watoto wa msingi vyote vimeandikwa: jina, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, saini za mwandiko wa kupinda. Ukurasa baada ya ukurasa vimerudishwa. Watoto wa miaka tisa wanarudisha vitabu, kidato cha tatu anaogopewa nini? Na binti yangu sasa hataki kurudi pale. Ananiambia tukanunue uchambuzi mwingine, yaishe.

Nimeshamwambia mjumbe wetu kwenye bodi ya shule alipeleke hili kikaoni: ufunguo wapewe kamati ya wanafunzi, na angalau nakala chache zitoke kwenye nailoni zisomewe hapohapo alasiri. Ameitikia, tutaona.

Kwa anayetaka kwenda sasa hivi: mwenye mtoto wa msingi ampeleke, atasomewa na atapenda. Mwenye wa kidato cha tatu au cha nne ni bora atoe nauli aende Maktaba ya Mkoa. Najua nimetoka kusema nendeni. Basi nendeni, na mkifika ombeni kitabu cha kabatini, kila mzazi aombe, kila siku, mpaka wachoke kukataa.