Miezi mitatu na apu ya habari za Afrika, nyota mbili zinatosha

Nimeilipia hii apu miezi mitatu (jina naliacha), leo nimekatisha. Kwanza zuri lipo, vipindi vyao vya sauti vya muziki na mitindo viko poa sana, unawasikia wasanii wenyewe wakiongea, sio mtu wa nje anawasemea.

Shida ni siasa jamani. Nikatafuta uchaguzi wa Botswana wa Oktoba 2024, yani chama cha BDP kilichokuwa madarakani tangu 1966 kimeng'oka kwa kura na rais wao Masisi kakubali kushindwa mapema tu, stori tamu kabisa, nakuta aya tatu na picha ya tembo. Tembo! Foleni ya wapiga kura hamna, hata Duma Boko aliyeshinda hamna.

Nikahamia Senegal. Mpinzani Faye katoka jela siku chache kabla ya uchaguzi wa Machi 2024 na akashinda raundi ya kwanza, wao kichwa cha habari ni Ufaransa itajisikiaje. Ila mapinduzi yakitokea mahali simu inalia usiku kucha.

Ugonjwa wenyewe wa zamani, jarida la Uingereza The Economist mwaka 2000 waliiita Afrika bara lisilo na matumaini, 2011 wakaja na Afrika inayoinuka, nchi zote hizi 54 zinabebwa na jalada moja.

Huduma kwa wateja niliwaandikia kuhusu yule tembo, wakajibu asante kwa maoni na wakanipa wiki ya bure. Nimeingia asubuhi kuangalia, bado yupo.