Uzoefu wangu: walinifundisha kuchomelea, kisha wakaniharibia cheti

Naandika nikiwa bado na hasira, wala sitaki kuificha. Kituo kimoja hapa Lubumbashi, kinachowafundisha ufundi watu waliotoka gerezani, kimenikabidhi cheti cha kuchomelea vyuma ambacho, chini ya jina langu, kimeandikwa kwa herufi nene kwamba mwenye nacho ni mfungwa wa zamani wa gereza la Kasapa. Cheti hicho nimpelekee nani? Mwenye gereji wa Katuba, au mgodi wa Kolwezi, ambako mlinzi wa getini peke yake anatosha kukurudisha ulikotoka?

Nilikwenda ofisini kuomba kiandikwe upya. Karani, bila hata kuinua macho, aliniambia: "Weye wa Kasapa, unataka nini tena?" Nilimjibu, "Mama, nina jina." Alicheka, akasema wafadhili ndio wanaotaka maneno yale yaonekane, kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Kumbe cheti ni cha wafadhili, si changu! Kanuni za Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, ambazo Umoja wa Mataifa uliziidhinisha mwaka 2015, zinasema katika kanuni ya 90 kwamba wajibu wa jamii hauishi siku mfungwa anapoachiliwa, na kwamba msaada anaopewa baadaye ulenge kupunguza dhana mbaya dhidi yake. Hawa wameichapa dhana hiyo na kuigonga muhuri. Mwajiri anayetaka kujua hukumu yangu na adai rekodi ya mahakama. Cheti cha ufundi kieleze ufundi.

Mafunzo yenyewe, nikisema haki, yalikuwa mazuri mno. Mwalimu wetu hakuwahi kuniuliza nilifungwa kwa kosa gani. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ulipokatika, jambo lililokuwa la kawaida, hakuturudisha nyumbani, bali tulipima, tukakata kwa msumeno wa mkono na kupiga tupa. Alitufundisha kukausha bageti, yaani vijiti vya kuchomelea, zilizoshika unyevu wa masika, kwa sababu unyevu huo huacha vitundu ndani ya mshono, na mshono wa namna hiyo hauwezi kuaminiwa kwenye trela inayobeba shaba kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Nilikusudia kuwaonya watu wasikanyage pale. Lakini kazi niliyo nayo sasa, katika karakana ndogo ya komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, niliipata kwa kuchomelea fremu ya geti mbele ya bosi, ambaye hakuomba karatasi yoyote. Basi nendeni, mkae na yule mwalimu hadi mwisho. Ila siku ya kujiandikisha, kabla ya kutia sahihi, daini kuonyeshwa cheti cha waliowatangulia. Na karani yule, mimi simwiti tena Mama.