Wiki tatu ndani ya boti la tanga Kigoma: boti poa, kamba ya nanga aibu tupu

Kila nikiweka picha status watu wananiuliza lile boti la nani, shilingi ngapi, kweli mlikuwa mnalala humo humo? Ndiyo, tulilala humo humo siku 21, juu ya Ziwa Tanganyika, mimi na baba Zai, watoto tuliwaacha kwa bibi yao Ujiji. Mwenye boti simtaji maana ni mzee wa watu na tumeagana vizuri, ila ya boti lake nayasema yote, mazuri na yale yaliyonitoa machozi.

Boti ni la mbao, mita nane na kidogo, mlingoti mmoja, tanga kubwa na kitanga cha mbele, halafu nyuma kuna mashine ya kupachika ya hospawa 8. Ndani kuna kabini ambayo mtu mzima anaingia ameinama na anatoka ameinama. Bei ni elfu 60 kwa siku, sisi kwa sababu ni wiki tatu mzee akatufanyia milioni moja, na laki mbili ya dhamana juu. Kwa Kigoma hela hiyo unapata gesti nzuri tu yenye feni na chai ya asubuhi, mama mkwe hakuacha kutukumbusha hilo.

Nianze na sifa. Limejengwa na fundi anayejua kazi, mbao zimekaa, kalafati, ile pamba ya kuzibia nafasi za mbao, imeshindiliwa vizuri, wiki tatu nzima nimekumba ngama (maji yanayojikusanya chini ndani ya boti) labda kopo tano kwa siku na siku zingine hata hazifiki. Maji ya ziwa hayana chumvi kwa hiyo misumari haijaoza kama ya mashua za pwani, na hapo hapo unapooshea vyombo ndo unachota ya kuoga (ya kunywa tulichemsha, na kwenye manyasi au midomo ya mito tulikuwa hatuogi, kichocho kipo). Usiku wa kwanza tulifunga ndani ya ghuba ya mji, taa za Bangwe upande huu, Kibirizi upande ule, boti linabembea kidogo kidogo, baba Zai akasema hivi kwa nini tunalipia nyumba.

Kesho yake hakusema hivyo. Kitanda kiko mbele kwenye omo, pua ya boti, na omo limechongoka, kwa hiyo na godoro limekatwa limechongoka, kichwani mnaenea watu wawili vizuri tu ila miguuni kuna nafasi ya mguu mmoja na miguu iko minne. Tuna miaka kumi na moja ya ndoa na sijawahi kujua huyu mtu anapiga mateke usiku. Mpaka siku ya nne tulikuwa tunaongea kwa "nipishe" na "shika hapo" tu. Kwenye nyumba ukikasirika unaenda chumbani unafunga mlango, sasa kwenye boti la mita nane unaenda wapi? Mimi nilikuwa naenda tezi, kule nyuma, nakaa karibu na mashine nanuna nimewapa mgongo yeye na Kongo yote, dakika kumi tu naitwa nikashike demani, ile kamba ya kuongozea tanga.

Jiko ni la plet moja na mtungi wa kilo 6, limefungwa kwa waya lisidondoke, sufuria lakini halifungwi. Siku ya tatu nimebandika migebuka kwenye mawese, ugali wa muhogo nishasonga, boti la abiria la kwenda Kagunga likapita karibu yetu spidi zote, wimbi likatuinua, sufuria hiyooo. Mawese sakafuni kote, nyekundu, ya moto, utelezi kama sabuni, baba Zai anatoka kabini anauliza kuna nini, hata hajamaliza kuuliza kashakaa chini. Samaki niliwaokota. Lile doa tulisugua kwa majivu, kwa sabuni ya unga, kwa mchanga, wapi, limekaa mpaka leo na lina gharama yake, nitasema mbele.

Sola inatosha taa mbili na simu, usibebe kitu cha kupasha moto. Choo ni ndoo yenye mfuniko. Nimemaliza.

Makapi ya kupandishia tanga sasa, zile roda za kamba, jamani. Yamekauka, yanalia mpaka watu ufukweni wanageuka, kutweka tanga asubuhi ni sisi wawili tunaning'inia kwenye kamba moja. Nilimwambia mzee siku ya kurudisha, shikamoo mzee wangu, pale bandarini ipo meli ya Liemba, Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 isichukuliwe na adui, ila kabla ya kuizamisha mashine waliipaka grisi, ikakaa chini ya maji mpaka 1924 ikaibuliwa na mashine zikafaa, na 1927 ikarudi kazini. Wewe boti lako liko juu ya maji na kopo la grisi linauzwa Mwanga hapa hapa mjini, shida nini? Akacheka, akasema mwanangu wewe umesoma.

Kwenye upepo lenyewe ni tamu. Tulikwenda Septemba, kusi, ule upepo wa kusini, bado ipo ila si ile kali ya Juni na Julai, na kwenda kaskazini inakusukuma mgongoni, unafungua tanga unakunywa chai. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku baridi ya milimani inashuka na kugeuza upepo kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Hii ishike, maana ndo ilitaka kutuua.

Siku ya sita tukasogea mpaka upande wa Kalalangabo, jua linazama, sehemu nzuri, mawe na kachanga kidogo, hamna mtu. Tukatia nanga. Kamba ya nanga aliyotupa mzee ni mita 30. Sisi tukaona mita 30 ni kamba nyingi, nyumba ya ghorofa nane hiyo! Kumbe hesabu ya nanga haiko hivyo, kila mita moja ya kina unatakiwa utoe kamba mita tano mpaka saba ili nanga ilale ishike, ikivutwa kwenda juu inang'oka. Kwa hiyo mita 30 unaegesha kwenye kina cha mita tano, basi, na ziwa hili mita tano utazipata wapi? Huu mji wetu umekaa kwenye bonde la ufa, pale kwenye mawe ukipiga hatua chache tu kutoka ufukweni chini hamna kitu, linaporomoka kama paa, na kwenye kina chake kikubwa linafika mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal la Urusi tu. Hayo nilisoma shule nikafaulu mtihani, ila kuyajua kwenye kamba ni habari nyingine.

Saa nane usiku baba Zai ametoka haja ndogo, nasikia kimya, halafu kwa sauti ya chini kabisa, "Mama Zai, njoo uone." Natoka, taa kila upande, kulia taa, kushoto taa, mbele taa, nyeupe zinacheza juu ya maji kama mji, nikajua tumefika Kigoma mjini kwa muujiza. Sio mji. Ni wavuvi wa dagaa, tuko katikati yao, ziwani, ufukwe hauonekani. Upepo wa milimani ulishuka ukatusukuma nje, nanga ikateleza kwenye ule mteremko, ikafika penye kina ikaachia, na sisi tumelala na boti linatembea huku nanga inaning'inia chini kama ndoo ya kisima. Tukaivuta, kamba ya baridi ile, mita zote 30, na nanga haina hata tope.

Mashine ikagoma, maji yaliingia kwenye petroli. Tukapiga tochi. Wakaja vijana wanne na boti lao, wakatuuliza mnavua nini, tukasema hatuvui, tunaishi. Kimya. Mmoja akashika kamba yetu akaivuta akaiangalia akasema, "Dada, hii si ni ya kufungia mbuzi?" Wakatuvuta mpaka karibu na kwao, hela walikataa, wakachukua sigara za baba Zai. Nikakaa nawaza, mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuvua kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ingekuwa miezi ile nani angetuona? Tungeamkia Kongo tunaulizwa pasipoti.

Asubuhi mzee mmoja wa kijijini pale akatufundisha bure kitu ambacho mwenye boti alitakiwa kutufundisha kwa ile milioni. Kwanza nanga usiitupe unapopenda, itupe upande wa ziwani ukiwa unarudi kinyumenyume kwenda ufukweni, halafu tezi unaifunga kamba kwenye mti au jiwe nchi kavu. Usiku upepo wa milimani unakusukuma nje, mti unakushika. Mchana upepo wa ziwani unakusukuma kwenye mawe, nanga inakushika. Unakaa katikati kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Na uangalie chini kabla hujasogea, maji yalipopanda kuanzia 2020 yalimeza miti na kuta za watu ufukweni, visiki viko chini ya maji huvioni mpaka vikuguse.

Kwa hiyo tulirudi mjini kwa kuvutwa, tukaenda Mwanga tukanunua kamba mita 120 ya nailoni nene, hela yetu, mzee mwenye boti kwenye simu anasema "mbona wengine hawalalamiki". Wengine walilala wapi, ndo swali langu. Au walirudi?

Baada ya hapo ndo starehe ilianza, nisiwe mchoyo wa sifa. Tulipanda kaskazini mpaka usawa wa Gombe, nusu siku, tanga limejaa. Pale ni hifadhi tangu 1968, huwezi kujifungia kwenye mti wa watu kisa umechoka, kushuka ni kwa kiingilio na utaratibu wao, sisi tulipita nje tu tukawaona nyani wanatembea ufukweni kama wanaenda sokoni. Sokwe hatukuwaona, hao ni wa kupanda milima. Maji pale ni safi mno, ukiangalia chini unaona samaki wa mistari wanazunguka mawe, nikatupa punje za ugali wakagombania. Halafu ikaingia wiki ya mwezi mpevu, zile taa zote zikapotea, maana mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanapumzika wanashona nyavu, na ziwa likawa jeupe tupu, tunalala juu ya kabini na blanketi moja. Mateke hayakunisumbua. Sijui aliacha au mimi nilizoea.

Kurudi kusini sasa ni kubisha, upepo uko usoni, unakwenda pande huku unakata unakwenda pande kule, unatembea kilomita tano kupata moja. Boti hili kwa kubisha ni zito, mkuku wake, ule ubao wa chini kabisa, mfupi, linateleza kando, mwenye haraka asilikodi. Siku tuliyoamua kwenda kuwaona watoto, kutoka mjini mpaka Ujiji, daladala ni nusu saa, sisi tulitumia saa saba. Zai yuko ufukweni anapunga mkono tangu saa sita mchana, akachoka akaenda kula, akarudi, bado tuko pale pale. Bibi yao akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Hata Livingstone aliletewa mgeni wake kwa miguu." Tangu 1871 mpaka leo Ujiji hawajaacha kumtolea mfano Livingstone.

Ukitaka kukodi, haya ndo ya kumbana nayo mwenye boti kabla hujatoa hata senti. Akuonyeshe cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, sisi tulionyeshwa, kipo. Jaketi za kuokolea zihesabu na uzivae uone kama zinafunga, kwetu moja ilikuwa haina mkanda, akabadilisha bila maneno. Petroli nunua mwenyewe na uichuje kwa kitambaa. Utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, uangalie kila siku, na ukiona wingu jeusi linakaa juu ya milima ya Kongo mchana, tua tanga kwanza halafu ndo ubishane na mumeo. Na kamba aipime mbele yako. Mita 30 kataa, hata akikuapia.

Nyota nampa tatu kwa tano, mbao na fundi wamechukua mbili na nusu, ile nusu ni ya mzee kucheka nilipomsema. Kwenye dhamana ya laki mbili alikata elfu 40 ya doa la mawese, nikamwambia sawa, basi nakata na mimi, mita 120 za kamba naondoka nazo. Ziko Ujiji kwa bibi, nusu anaanikia nguo. Ile nusu nyingine ukipata safari nicheki nikuazime, ila uirudishe imekauka.