Viatu vya kuanza kukimbia: kipi ununue, kipi ukiache kwenye meza ya mtumba

Anayeanza kukimbia hahitaji saa ya kupima mapigo ya moyo wala kaptula yenye jina. Anahitaji kiatu, na sehemu ya kiatu unayoilipia hasa haivutii macho: ni sponji nene iliyolala kati ya raba ya chini na kitambaa cha juu. Ukikimbia, kila unapotua mguu unapokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Sponji hiyo hupunguza ukali wa kutua, kisha hurudi katika umbo lake. Nyingi hutengenezwa kwa EVA, plastiki iliyojaa vipovu vya hewa, na vipovu hivyo vikishabanwa mara maelfu kwa maelfu huchoka na kubaki vimelala. Kwa hiyo kiatu kinaweza kung'aa kama kimetoka dukani leo kumbe kimekufa zamani, na kingine chenye madoa ya tope kikawa na nusu ya maisha yake bado.

Kiatu cha mazoezi cha kawaida hutumika kati ya kilomita 500 na 800. Anayeanza, akikimbia siku tatu kwa wiki kwa wastani wa kilomita 3, anafanya kilomita 9 kwa wiki. Hata mtumba uliobakiwa na kilomita 300 utamfikisha zaidi ya miezi saba.

Kabla ya kutoka nyumbani, pima mguu. Simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu zaidi, kisha pima kwa rula. Pima miguu yote miwili na uchukue kipimo kikubwa. Nenda sokoni na hizo sentimita, maana namba za viatu zinadanganya: 42 ya Nike ni 7.5 ya Uingereza, 42 ya Adidas ni 8, na lebo zote mbili zimeandikwa sentimita 26.5. Mguu wa sentimita 26 utafute lebo ya 26.5 au 27. Ukishakivaa na kusimama, kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu pabaki upana wa kidole gumba cha mkono. Mguu huvimba ukikimbia, tena zaidi kwenye joto la pwani.

1. Mtumba wa kiatu halisi cha kukimbilia

Kati ya machaguo sita tuliyoyapanga kuanzia lililo bora, hiki tunakiweka juu, kwa sharti moja: ujue kukikagua. Karume na Manzese jijini Dar es Salaam, Memorial pale Moshi, Gikomba na Toi jijini Nairobi, Kongowea Mombasa, kote huko hupita viatu ambavyo wenyewe huko Ulaya na Marekani walivikimbilia miezi michache tu, au walivinunua wakaahirisha mazoezi mpaka wakavitoa. Dar es Salaam mara nyingi jozi nzuri huishia kati ya shilingi 30,000 na 80,000, na bei ya kwanza unayotajiwa si bei.

Tafuta majina ya viatu vya mazoezi ya kila siku: Nike Pegasus, Brooks Ghost, ASICS Gel-Cumulus, Saucony Ride, New Balance 880, Mizuno Wave Rider. ASICS GT-2000 na Brooks Adrenaline vina sponji ngumu zaidi au vizuizi upande wa ndani kwa ajili ya miguu inayolalia ndani. Navyo ni sawa ukiona vimekukaa vizuri. Air Max, Air Force na Converse ziache. Ni raba za kutokea. Air Max hasa huwapoteza wengi kwa sababu ina sura ya mbio.

Nenda asubuhi belo linapofunguliwa. Gikomba chaguo la kwanza wanaliita kamera, na likishapita unabaki kuchambua yaliyoachwa. Ukishika jozi, usianze na kitambaa. Anza na lebo ya ndani ya ulimi, kwenye viatu vyote viwili, kwa kuwa si ajabu kukuta kushoto ni 42 na kulia ni 43 vimefungwa kamba pamoja. Lebo nyingi zina tarehe ya kutengenezwa. Kikizidi miaka sita au saba kirudishe, hata kama hakijawahi kuvaliwa: gundi hukauka stoo, na soli za poliyurethani huoza kwa unyevu wa hewa kisha zikameguka kama keki siku ya pili ya kukimbia. Bonyeza ukucha pembeni ya soli. Ikibaki shimo au ikitoka unga, hamna kiatu hapo.

Sasa viweke vyote viwili mahali tambarare, kaunta au sakafu, uvitazame kwa nyuma. Kisigino kilicholala upande mmoja kinaonyesha mwenye kiatu wa kwanza alivyotua, nawe utalazimishwa kutua kama yeye. Geuza uone raba ya chini. Kulika kidogo pembeni ya kisigino ni kawaida. Raba ikiwa imetoboka mpaka sponji inaonekana, mwisho wake umefika. Tazama ubavu wa sponji: mikunjo myembamba ya kulala, inayobaki hata kiatu kikiwa hakina mtu, ni dalili ya vipovu vilivyokufa. Bonyeza kwa kidole gumba kisha uachie. Inapaswa kubonyea na kurudi palepale. Halafu kunja kiatu. Kizuri hukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikijikunja katikati ya unyayo kama kandambili, unyayo wako utafanya kazi ambayo kiatu kimeikataa.

Wauzaji ni mafundi wa kupamba. Soli nyeupe kupita kiasi huenda imepakwa rangi; paka mate kidogo kwenye kidole usugue, rangi itatoka. Harufu kali ya gundi ina maana soli ilibanduka ikarudishwa. Toa soli ya ndani: kama imebadilishwa na kipande cha sponji ya godoro, jiulize ya asili ilipatwa na nini. Ingiza vidole nyuma ya kisigino kwa ndani. Kitambaa kikitoboka hapo, plastiki itakuchuna ngozi kabla hujamaliza kilomita ya pili.

Mwisho omba nafasi uruke na kukimbia hatua ishirini hapohapo ukiwa umevaa soksi. Muuzaji atacheka, mwache acheke. Mtumba haurudishwi.

2. Kipya, orijino, cha bei ya chini

Kama huna jicho la mtumba, huna muda wa kuamkia belo, au uko Rwanda ambako ushuru wa mitumba ulipandishwa mwaka 2016, hiki kinakuwa namba moja. Makampuni makubwa yote yana viatu vya ngazi ya kwanza: Nike Revolution na Downshifter, Adidas Duramo, ASICS Gel-Contend. Sponji zake ni za kawaida na raba ya chini ni chache, lakini ni mpya na umri wake unaujua. Bei za Tanzania kwa orijino kwa kawaida huanzia juu ya shilingi 150,000.

Kuna ujanja hapa: toleo la mwaka juzi la kiatu cha ngazi ya kati, likiwa kwenye punguzo, mara nyingi linalingana bei na toleo jipya la ngazi ya chini. Chukua la mwaka juzi. Kati ya toleo na toleo hubadilika kitambaa na rangi zaidi kuliko mwendo wa kiatu. Kagua tu lebo kisije kikawa kimelala dukani miaka mingi.

Muuzaji akikuambia ulowanishe unyayo, ukanyage karatasi ili akuchagulie kiatu kwa umbo la alama, mshukuru kwa ukarimu. Alama ya unyayo uliosimama haisemi mengi kuhusu mguu unaokimbia. Jaribu jozi tatu, uchukue ile ambayo hukuhisi kitu ulipokimbia nayo. Mwenye mwili mzito atafute soli pana chini, hasa kisiginoni, kuliko soli iliyoinuka juu na nyembamba.

3. Enda ya Kenya

Enda ni kampuni ya Kenya. Kiatu chake cha kwanza, Iten, kiliitwa kwa jina la mji wa wakimbiaji ulioko Elgeyo-Marakwet. Ni chepesi, na kisigino kimeinuka milimita 4 tu kuliko upande wa vidole, ilhali viatu vingi vya mazoezi huinuka milimita 8 hadi 12. Tofauti hiyo huhamishia kazi kwenye shavu la mguu na mshipa wa kisigino. Kijana mwepesi aliyezoea kutembea sana atakifurahia. Aliyekaa ofisini miaka kumi kwenye viatu vyenye kisigino atabanwa na mashavu ya miguu wiki ya kwanza, ndiyo maana kiko nafasi ya tatu. Ukikipenda, kivae mara moja kwa wiki mwezi wa kwanza.

4. Raba uliyonayo tayari

Raba za mpira wa kikapu, za mazoezi ya ndani, au zile za turubai za shuleni. Si dhambi kuzitumia wiki mbili za mwanzo, wakati sehemu kubwa ya zoezi bado ni kutembea. Baada ya hapo turubai yenye soli bapa haina kitu cha kupokea kishindo cha lami. Ukilazimika, kimbia kwenye udongo au uwanja wa shule.

5. Kiatu chenye bamba la kaboni

Wote tulimwona Eliud Kipchoge mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 akimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40, na tuliona alichovaa. Viatu vya ukoo huo, ambao ulianza kuuzwa kwa Vaporfly ya Nike mwaka 2017, vina bamba gumu ndani ya sponji nene na laini sana. Vimeundwa kwa mtu anayekwenda kasi na kutua imara. Kwa mwendo wa anayeanza, sponji hiyo hupepesuka kisiginoni na kifundo cha mguu ndicho kinacholipa. Sponji za mbio pia huisha mapema, kwa hiyo mtumba wake ni bahati nasibu juu ya bahati nasibu.

6. Feki mpya kwenye boksi

Feki iko chini kabisa, hata chini ya raba ya turubai, kwa sababu turubai haikudanganyi. Sponji yake huwa nzito na ngumu, au laini ya kulala moja kwa moja, na soli yote huwa ni plastiki isiyo na raba, inayoteleza kwenye lami iliyonyeshewa. Chukua namba ya mfano kwenye lebo (kwa Nike ni herufi na tarakimu, jumla yake sita, kistari, kisha tarakimu tatu) uitafute mtandaoni. Ikija picha ya kiatu kingine au rangi nyingine, umeshapata jibu. Namba sahihi pekee haitoshi, kwani nayo hunakiliwa. Mtumba wa Pegasus wenye doa la tope unaishinda feki hii kwa kila kipimo isipokuwa boksi.

Pesa iliyobaki

Nunua soksi jozi mbili zisizo za pamba tupu. Pamba hunywa jasho, hulowa, kisha malengelenge yanaanza. Mafuta ya Vaseline kidogo kati ya vidole na mapajani husaidia. Mwanamke aweke sidiria ya michezo mbele ya kitu kingine chochote baada ya kiatu. Ya mtumba inafaa ikiwa ukanda wa chini ukivutwa unarudi wenyewe. Ruka mara kumi nayo kabla ya kulipa.

Mwezi wa kwanza ndio unaokikagua kiatu

Tembea haraka dakika 5, kisha kimbia dakika 1 na kutembea dakika moja na nusu, ukirudia mpaka zitimie dakika 20. Siku tatu kwa wiki, usiunganishe siku. Mwendo uwe wa kuweza kuongea sentensi nzima. Ukishindwa kumjibu anayekusalimia njiani, punguza.

Sikiliza mahali panapouma. Kucha za vidole gumba zikiwa nyeusi, kiatu ni kifupi au kamba zimelegea na mguu unateleza mbele. Ganzi juu ya mguu ni kamba zilizokazwa mno. Legeza tundu za katikati, uache ya juu. Maumivu ya mbele ya muundi mara nyingi hutokana na kuongeza umbali haraka, na kubadili kiatu hakutayaondoa kama hukupunguza. Unyayo unaouma karibu na kisigino asubuhi, hatua za kwanza kutoka kitandani, unakuambia ukague kama kiatu kinakunjika katikati.

Kikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti ndani yake na ukianike kivulini. Jua kali na jiko la mkaa huikausha gundi. Siku soli itakapoanza kuachia ncha, mpelekee fundi viatu na umwambie mapema: gundi, kisha kukandamiza usiku kucha, bila kushona. Uzi uliozungushwa soli nzima ni mzuri kwa kiatu cha shule, lakini kwenye kiatu cha kukimbilia hutoboa sponji na kuifanya ngumu pale inapotakiwa kukunjika.