Toyota Prius Iliyotumika, Baada ya Miaka Mingi ya Dizeli
Aliyezoea dizeli ataona tofauti kwanza kwenye foleni, kwa kuwa Prius, gari la mseto linaloendeshwa kwa petroli na umeme, ya kizazi cha 3, iliyoingia sokoni mwaka 2009 ikiwa na injini ya petroli ya lita 1.8, mara nyingi huzima injini hiyo gari linaposimama, kisha huondoka kwa mota ya umeme, karibu bila sauti. Unapopunguza mwendo, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, jambo ambalo pia hurefusha maisha ya pedi za breki. Kwenye barabara kuu faida hiyo hupungua sana, na anayesafiri mbali kila siku akiwa na mzigo, kwa maoni yangu, abaki na dizeli yake. Ule uwezo wa dizeli wa kupanda mlima bila injini kulalama kwenye Prius haupo. Kabla ya kununua, dai betri kuu ipimwe kwa kompyuta, kisha kagua tundu la hewa lililo kando ya kiti cha nyuma, ambalo likizibwa na vumbi au manyoya ya mbwa (muuzaji hatakukumbusha) betri hupata joto na kuchakaa mapema.