Wati 3000 za boksini zimeniunguzia twita ya spika

"Muziki una wenyewe, mzee." Ndivyo nilivyojibiwa dukani, hapa hapa Mtwara mjini, spika iko begani, jasho linanitoka. Hata shikamoo sikupewa.

Pesa ya korosho ilikuwa imeingia, nikasema safari hii nami nisikie muziki kwangu. Spika ninazo za siku nyingi, za mbao, nyuma zimeandikwa wati 80. Nikamwomba kijana wa dukani anitafutie ampu, ile mashine ya kukuza sauti, ya kuendana nazo. Hakuuliza spika gani wala chumba kikubwa kiasi gani. Akapiga boksi kofi: "Hii wati 3000, majirani watahama." Nikalipa.

Sitasema uongo, miezi ya mwanzo nilikula raha. Usiku taarabu ya chini chini, unasikia mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi.

Mpwa wangu akatoka jandoni. Spika nikazitoa uani, watu wamejaa, vijana wanadai singeli. Nikaongeza sauti. Ikaanza kukwaruza kama turubai linachanwa. Nikaona bado ndogo, nikaongeza tena. Mara harufu ya kitu kinaungua, na spika ya kulia imebaki na besi peke yake, waimbaji wote wamekimbia.

Kesho yake ndiyo nikaenda kuambiwa muziki una wenyewe. "Umefungulia ovyo." Mbele ya wateja! Mtoto ambaye ningeweza kumzaa, na spika hakuigusa hata kwa kidole.

Nikaishia kwa fundi mmoja wa Chikongola. Akafungua twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, kwa bisibisi, akanionyesha koili: uzi mwembamba kama unywele, mweusi tii. Kisha akaigeuza ampu. Karibu na waya wa umeme kuna kibandiko kidogo, mimi sikuwahi kukiona: inakula wati 60. "Mjomba, inakula 60 ukutani, hizo 3000 itazitapika kutoka wapi?" Ukigawa kwa spika mbili, na nyingine zinaishia kuwa joto, kila moja haipati hata 30.

Na mimi miaka yote najua ampu kubwa ndiyo inaua spika! Kumbe hata ndogo ikilazimishwa, wimbi la sauti linakatwa kichwa, linakuwa bapa juu na chini, na huo mkwaruzo unaozaliwa hapo unakwenda moja kwa moja kwenye twita. Kwa wati 80 za spika zangu, fundi angenipa ampu ya 80 za kweli au zaidi kidogo, zile za RMS, yaani inazoweza kuzitoa mfululizo, siyo za kwenye boksi. Tena ukizidisha wati mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu, sikio halishtuki sana. Kwa hiyo wa kupigia uani anunue spika za uani.

Sasa hapo naona haya kidogo, maana kitasa nilikishika mimi, na mkwaruzo niliusikia. Labda kijana hakukosea sana. Lakini nani alinipigia kofi boksi la wati 3000? Nani? Kwenye duka lile sirudi, hata betri ya saa sinunui.

Twita mpya nimeweka, elfu 15. Ampu ninayo bado, na kwa chini chini inaimba vizuri, Mungu anaona. Shemeji yangu wa Mikindani anaitaka, akauliza wati ngapi. Nikamwambia 60. Anadhani namficha.