Kipimo cha pembe cha dijitali na alaimenti ya nyumbani: uzoefu wangu na Hilux Vigo niliyoinyanyua

Njia ninazopita huku Mufindi zimechimbwa mifereji na malori ya magogo, na masika ikishika, tumbo la pikapu linasugua tuta la katikati. Ndiyo maana nikaweka spesa, yaani vipande vya kunyanyulia gari, juu ya shokapu za mbele. Zina unene wa milimita 30 tu, lakini gari lilipanda karibu sentimita 5, kwa sababu shokapu ya Vigo imeshika wishiboni ya chini (mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na chasisi) mbali na tairi. Ukiongeza kidogo pale, huku nje inakuwa karibu mara mbili. Nilifurahi wiki moja.

Baada ya hapo usukani ukawa umepinda wakati gari linakwenda mbele, na tairi zikaanza kuliwa. Nikapitisha kiganja juu ya tairi: mkono ukitoka nje kuingia ndani, laini, ukirudi nje, unakwaruzwa na meno. Hiyo ni dalili kwamba tairi zimefunga mno ndani kwa mbele. Nikaenda gereji moja yenye mashine ya alaimenti, yaani ya kupima na kupanga pembe za tairi. Kijana akagusa tairodi (fito za usukani zinazogeuza tairi), akanyoosha usukani, akaniambia kemba, yaani tairi kulalia ndani au nje kwa juu, haina marekebisho kwenye Hilux. Nikalipa. Karatasi ya vipimo sikupewa.

Siyo kweli kwamba haina. Kila wishiboni ya chini ya Vigo imeshikwa na boliti mbili zenye kisahani ambacho tundu lake halipo katikati. Ukizungusha boliti, wishiboni inasogea ndani au nje, na mistari ya kuhesabia imechorwa palepale. Zipo nne kwa jumla, zimefunikwa na tope, na nadhani kijana hakutaka kuchafuka.

Basi nikaagiza kipimo Kariakoo, shilingi 55,000 bila nauli ya basi. Ni kisanduku kidogo kinachoenea kiganjani, kina sumaku chini na kioo kinachosoma sehemu ya kumi ya digrii. Kabla ya kukiamini nilikiweka juu ya meza, nikasoma, nikakigeuza upande wa pili mahali palepale. Kinatakiwa kutoa namba ileile kwa upande wa kinyume. Changu kilipishana kwa 0.3. Ukishika kitufe cha sifuri kinajirekebisha, ila ukikizima kinasahau. Hilo limeniudhi mpaka leo.

La pili lililoniudhi nililitaka mwenyewe: rimu zangu ni za aloi, na sumaku haishiki aloi. Nilisimama uani na kisanduku mkononi, mke wangu ananitazama. Dawa yake ilikuwa kipande cha paipu ya mraba ya chuma, nimekikata kiegemee kingo za rimu juu na chini bila kugusa tairi lililovimba pale linapokanyaga ardhi. Kipimo kinanasa kwenye paipu.

Kazi kubwa, wala sikuitegemea, ilikuwa sakafu. Kemba ni mlalo wa tairi ukilinganisha na ardhi, kwa hiyo ardhi ikiwa na mteremko unapima mteremko. Pima maji ya fundi mwashi ni fupi mno kuvuka upana wa gari. Nikatumia njia ya mafundi ya mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji: maji ya ncha mbili hukaa usawa mmoja hata uwe mbali vipi. Upande wa kushoto wa sakafu yangu ulikuwa chini kwa milimita 14. Nikapanga plaiwudi chini ya tairi mpaka zikalingana.

Chini ya tairi za mbele panahitajika kitu kinachoteleza, la sivyo tairi linang'ang'ania sakafu na hupati kipimo cha kweli. Nilianza na vigae viwili vilivyopakwa grisi katikati. Cha juu kilipasuka kwa mlio kama risasi nilipoteremsha jeki. Vipande vya bati bapa na grisi katikati vikafanya kazi bila matata.

Namba za kwanza kwa digrii: kushoto kemba +1.1, kulia +0.6. Yaani tairi zote mbili zimelalia nje kwa juu, na ndiyo sababu bega la nje lilikuwa linakwisha hata baada ya kazi ya gereji. Boliti za kushoto zilikuwa zimeshikana kwa kutu na bushi, zile za mpira na chuma zinamopita. Nilizipulizia dawa ya kutu jioni mbili mfululizo, na ile ya nyuma bado iliniomba paipu ya mita nzima kwenye spana. Kabla hujalegeza chochote, weka alama ya rangi pale ilipo. Na ukija kukaza, gari liwe limesimama kwa tairi zake, maana ukikaza likiwa limening'inia bushi inabaki imesokotwa.

Kusukuma boliti zote mbili nje kunalaza tairi ndani kwa juu. Ya mbele ndani na ya nyuma nje kunavuta mbele boli jointi ya chini (kiungo ambacho gurudumu linageukia), hapo unaongeza kasta, yaani jinsi mhimili wa kugeukia tairi unavyolalia nyuma kwa juu. Kasta hupungua ukinyanyua gari. Kasta huipimi moja kwa moja. Unageuza tairi nje digrii 20, unasoma kemba, unageuza ndani digrii 20, unasoma tena, kisha tofauti unaizidisha kwa 1.5. Digrii 20 nilizichora kwenye boksi kwa kipimapembe cha seti ya hesabu ya mwanangu. Kila ukigusa boliti unalisukuma gari mbele na nyuma litulie ndipo usome. Siku nzima ilikwenda hapo.

Tairodi ni mwisho kabisa, kwa sababu kila unaposogeza wishiboni nje, tairodi inabaki palepale na tairi linafunga ndani. Huku kipimo cha dijitali hakina kazi hata kidogo. Unahitaji uzi wa mwashi, matofali manne na rula: uzi unapita ubavuni pande zote mbili, uko kwenye kimo cha katikati ya gurudumu, halafu unapima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma. Nilizungusha kushoto na kulia kwa kiasi kilekile ili usukani usipinde. Kwenye gari langu robo mzunguko wa tairodi moja ulikuwa karibu milimita 2 ukipimia kwenye tairi. Nikaacha jumla ya milimita 2 kufunga ndani.

Wiki mbili baadaye nilikuwa na safari ya Mbeya, nikaingia gereji nyingine yenye mashine, nikaomba wapime tu wasiguse. Kemba yangu ilipishana na yao kwa 0.2. Tairodi, milimita 1. Kasta ndiyo iliyoniaibisha: mimi nilipata 2.0 kushoto na 2.3 kulia, wao 1.4 na 2.4. Kwa kemba, kisanduku kimerudisha fedha yangu na zaidi. Kwa kasta, mkono wangu na boksi langu havitoshi.

Na gari linasema hivyohivyo. Huvuta upande wenye kasta ndogo, na barabara zetu zinainamia kushoto tunakoendeshea, kwa hiyo kushoto kulitakiwa kuzidi kulia, siyo kupungua. Nikiachia usukani kwenye lami kabla ya Makambako linaondoka taratibu kushoto. Meno kwenye tairi yameisha, ila boliti ya mbele kushoto imefika mwisho wa mistari yake. Iliyobaki ni wishiboni za juu zilizotengenezwa kwa gari lililonyanyuliwa, na kwa bei niliyotajiwa, viazi vitoke kwanza.